Mahari yageuka betri: fundi wa Karatu na mashine zake za rangi moja

Dar mtu akitaka kuonekana yuko vizuri anapiga picha na simu mpya au raba kali. Karatu kuna kundi la vijana ambao hawana habari na hayo. Hao ukitaka kuwaumiza roho, pita mbele yao na boksi la vifaa ambalo kila kilichomo kina rangi moja: drili, grenda, msumeno, tochi, mpaka chaja. Hapo mluzi lazima usikike.

Sasa tangu mwishoni mwa 2023 kuna stori haijapoa kwenye vijiwe vya bodaboda pale mjini. Kijana mmoja seremala, jina lake libaki kapuni, alichukua hela ya mahari akanunulia mashine. Siyo robo, siyo nusu. Karibu yote. Wanaoisimulia huwa wanaishia hapo, wanacheka, wanaagiza chai nyingine. Lakini stori ina mwendelezo, na huo mwendelezo ndo wenyewe.

Kwa asiyeijua Karatu, ule ndo mji mkubwa wa mwisho kabla ya Ngorongoro. Lami inatoka Makuyuni, inapita Mto wa Mbu, inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, inakatiza Rhotia na Karatu mjini, kisha inaelekea lango la Lodoare. Watalii karibu wote wanaokwenda kreta wanapita hapo, na wengi wanalala hapo. Loji zimejaa, kambi za mahema zimejaa, na kila moja ina kitanda kilicholegea, mlango unaokwama au baraza inayotaka mbao mpya. Fundi mzuri hakosi kazi. Ndo maana vijana wengi wa pale wanashika useremala na uchomeleaji badala ya kukaa kusubiri ajira.

Kijana wetu alijifunza kwa mzee mmoja mwenye karakana nyuma ya soko. Miaka mitatu. Vifaa vya yule mzee ukiviona unaweza kumuonea huruma: misumeno miwili ya mkono, randa mbili, nyundo, skwea, pimamaji, keekee ya kuzungusha kwa mkono, na patasi nne ambazo hakuna mbili zinazofanana. Moja ilifuliwa na mhunzi wa Kidatoga kule Mang'ola kutoka kwenye chuma chakavu. Mipini karibu yote mzee kaichonga mwenyewe. Kila kifaa kina ukoo wake. Na kazi inayotoka hapo, mdau, ukipitisha kidole kwenye ungio la meza hutajua mbao mbili zimekutana wapi.

Kijana alipoanza kujitegemea alitaka kwenda haraka zaidi. Tarehe 7 ya mwezi, siku ya mnada wa Karatu, akaokota drili ya betri ya mtumba. Miezi miwili mbele akapata grenda ya betri, kampuni nyingine. Halafu jigso, kampuni ya tatu. Akawa na chaja tatu kwenye eksitensheni moja, na betri tatu ambazo hakuna inayoingia kwenye mashine ya mwenzake.

Siku moja yuko juu ya paa Rhotia, drili ikazima. Pembeni yake betri ya jigso imejaa tele na haina msaada wowote. Ni sawa na kuwa na simu mbili, moja ina laini haina chaji, nyingine ina chaji haina laini. Ilibidi ashuke, apande boda, arudi Karatu kuchaji, kisha arudi tena Rhotia. Nusu siku ikaenda.

Hapo ndo alipoelewa kitu ambacho wauza duka huwa hawakwambii. Ukinunua mashine yako ya kwanza ya betri, hujachagua mashine. Umechagua betri. Kampuni nyingi zina umbo lao la mdomo wa betri na haziachii nyingine iingie. Bosch kivyake, DeWalt kivyake, Milwaukee kivyake, na hizi za China zilizojaa madukani kwetu kama Ingco na Total nazo zina za kwao. Ukishakuwa na betri nne za kampuni moja, umeshaolewa. Mashine inayofuata utainunua hukohuko, ikiwa mwili mtupu bila betri, kwa bei nafuu zaidi.

Yeye akaolewa na Makita, ile ya bluu inayoelekea kijani. Kampuni ya Japani hiyo, ilianzia Nagoya mwaka 1915 ikiuza na kutengeneza mota. Siyo wao walioleta drili ya kwanza ya betri duniani; Black & Decker wa Marekani waliitoa 1961. Makita walitoa ya kwao 1969. Lakini kilichomvutia kijana ni kwamba tangu 2005 wana familia moja ya betri za volti 18, na leo mamia ya mashine zao zinakula betri hiyohiyo.

Hapa kuna kamchezo ka namba watu huwa wanaingia mkenge. Utaona mashine imeandikwa volti 18, jirani yake imeandikwa 20, unadhani ya 20 ina nguvu zaidi. Mara nyingi ni kitu kilekile. Ndani kuna seli tano zimepangwa mstari, kila moja ina volti 3.6, ukijumlisha unapata 18. Ikiwa ndo imetoka kwenye chaji kila seli inafika kama 4, ukijumlisha unapata 20. Mmoja kaandika ya kawaida, mwingine kaandika ya kilele. Kinachotakiwa kuangaliwa ni ile namba nyingine, 2.0 au 5.0, maana ndo inayosema betri itadumu muda gani kazini.

Basi, kijana akauza makorokoro yake yote matatu akaanza upya. Drili kwanza. Halafu mashine ya kukazia skrubu. Halafu ugonjwa ukaanza.

Maana hii kitu ni ugonjwa, tusidanganyane. Muulize yeyote anayekusanya raba. Ukishakuwa na vitu vitano vya rangi moja, cha sita hukinunui kwa sababu unakihitaji. Unakinunua kwa sababu kuna nafasi kwenye rafu. Mtoto wa shangazi yake anafanya kazi Dubai, na kila akija likizo anakuja na mzigo. Plagi za Dubai ni zilezile za pembe nne za kwetu, umeme ni uleule, kwa hiyo chaja inachomekwa inakubali. Rafiki yake mmoja yeye aliletewa seti kutoka Marekani, akachomeka chaja ya volti 120 kwenye umeme wetu wa 230. Harufu tu ndo ilimjulisha. Mashine zenyewe zilikuwa salama, ila chaja ikawa ya kuzikwa.

Ikaja jigso. Ikaja tochi. Kikaja kipuliza vumbi. Ikaja redio ya kazini inayotumia betri ileile. Likaja koti lenye nyaya za joto ndani, unachomeka betri kiunoni, la kuvaa asubuhi za baridi. Na hapa usicheke: ikaja mashine ya kutengeneza kahawa, ya betri. Hii ni Karatu, mtu amezungukwa na mashamba ya kahawa ya Oldeani, mama yake anachemsha kahawa kwenye sufuria kila alfajiri, yeye anasubiri mashine imdondoshee kikombe kimoja. Hata tepu, kisu na bisibisi zikawa lazima ziwe za bluu. Kila kilichoingia kilipigwa picha kikaenda stetasi.

Chumba chake alichopanga kilikuwa na rafu nzuri ya mashine aliyoitengeneza kwa mikono yake. Godoro lilikuwa chini. Mganga hajigangi.

Na huyu bwana alikuwa na mchumba. Binti wa palepale Karatu, yuko mapokezi kwenye loji moja, na jioni ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwao. Posa ilishapokelewa. Mahari ilipangwa Desemba 2023, ndugu wakija likizo ya Krismasi. Kijana alikuwa ameweka milioni moja na laki nane, na binti alikuwa anajua, maana sehemu ya hiyo hela walikuwa wanaikusanya pamoja kidogokidogo.

Oktoba kijana akashuka Arusha. Akarudi na msumeno wa duara, grenda na betri mbili za 5.0. Milioni moja na laki tatu zilikuwa zimeondoka. Njiani akapata na betri nyingine mbili kwa bei ya kutupa, jamaa mmoja akamwambia ni orijino kabisa, zimetoka kontena. Usiku akapanga vyote kwenye rafu, akapiga picha, akaandika: "Seti imekamilika."

Aliyeiona wa kwanza ni shangazi wa binti. Akaituma kwa binti na swali moja: "Mkwe kanunua nini tena?"

Binti alikwenda kesho yake. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya rafu, akaangalia, akauliza, "Hivi wewe, unaoa mimi au unaoa drili?"

Kijana akaanza kujitetea. Na kusema ukweli utetezi wake haukuwa wa kijinga. Mwishoni mwa 2023 kulikuwa na mgawo wa umeme nchi nzima, unakumbuka. Karakana za pale mjini zilikuwa zinakaa mchana kutwa zinasubiri umeme, mafundi wa nyaya wamekaa kwenye mabenchi wanacheza drafti. Yeye alikuwa anachaji usiku ukirudi, mchana anapiga kazi. Akamweleza hayo yote. Akamweleza na habari ya mota zisizo na kaboni, kwamba zinakula betri kidogo na hakuna kaboni ya kubadilisha kila mara. Akamweleza kwamba mteja wa loji akimwona fundi kaja na vifaa vya rangi moja anamuamini kabla hajagusa ubao.

Binti akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Sawa. Hii hapa imekuingizia shilingi ngapi?" Akashika drili. Kijana hajui. Akashika jigso. Hajui. Akashika mashine ya kahawa, wote wawili wakanyamaza.

Hapo ndo penyewe. Yule kijana alikuwa anajua volti za kila mashine, uzito, mizunguko kwa dakika, mpaka mwaka iliyotoka. Kitu pekee alichokuwa hajui ni kama inamlisha au anailisha. Binti akaondoka. Mahari ikasogezwa mbele bila tarehe, na kwa Mswahili anayejua mambo ya posa, bila tarehe maana yake unaijua.

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha simu ikaita, siyo ya binti. Ni mtu anatafuta fundi mwenye mashine zisizohitaji jenereta. Kapewa namba mapokezi ya loji fulani. Kijana akajua nani kaitoa. Alipomtumia ujumbe wa kushukuru alijibiwa mstari mmoja: "Nataka hela yangu irudi."

Kazi yenyewe ilikuwa Ndutu, upande wa pili wa Ngorongoro, tambarare ambako nyumbu huenda kuzaa mwanzoni mwa mwaka. Kambi za msimu huwa zinasimamishwa huko kabla ya Krismasi na kuvunjwa msimu ukiisha. Huyu mteja alitaka majukwaa kumi ya mbao ya kuwekea mahema, yafungwe kwa bolti ili yafunguliwe yote na kubebwa. Matundu 48 kila jukwaa, jumla 480, na yote yalingane, maana jukwaa la kwanza likibadilishana ubao na la saba lazima ukae. Masharti: hakuna jenereta mchana, kelele kidogo, umeme ni wa sola tu. Siku kumi na mbili.

Kijana alijua peke yake haiwezi. Akaenda karakana nyuma ya soko. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umekuja kunionyesha nyingine?" Mzee naye alikuwa anaona stetasi. Akaelezwa kazi, akakubali, akachukua begi lake la turubai lenye misumeno, patasi na keekee. Kijana akamwambia havitahitajika. Mzee akalibeba tu.

Waliondoka alfajiri ili lango la saa kumi na mbili liwakute. Juu ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ukungu ulikuwa mzito hata taa za lori hazioni mbali. Lile koti la joto siku hiyo lilipata kazi, ila aliyelivaa ni mzee. Kisha wakashuka upande wa tambarare. Ule ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño, kwa hiyo lori lilinasa mara mbili na wakasukuma.

Siku tatu za kwanza kijana alifurahi kama mtoto. Msumeno unakata, drili inatoboa, betri ikiisha anachomoa anachomeka nyingine bila kubadilisha kitu. Hakuna waya wa kukanyagwa. Saa nzima inapita unasikia ndege. Jukwaa la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mzee anapima na kuweka alama, kijana anatoboa, msaidizi anafunga. Mzee mwenyewe akakiri, "Kwa keekee yangu tungekula Krismasi na fisi."

Siku ya nne mawingu yakafunga. Sola ikashuka. Sasa ukawa ni uchaguzi: betri ipi ichajiwe kwanza. Kijana akategemea zile mbili za bei ya kutupa kuwa za akiba. Ya kwanza ilionyesha taa zote nne, ikatoboa matundu kumi, ikafa. Ya pili ikapata moto hadi haishikiki, akaitupa kwenye mchanga mbali na mbao. Aliporudi Karatu akaifungua ile iliyokufa. Betri halisi ya 5.0 ina seli kumi ndani. Ile ilikuwa na tano, na maganda yake hayana hata jina. Kama angeziweka kwenye mizani siku ananunua, angejua palepale, maana feki ya namna hiyo huwa nyepesi kuliko ya kweli. Na kama angejiuliza kwa nini inauzwa chini ya nusu ya bei, asingehitaji hata mizani.

Siku ya tano ikaamka na mawingu vilevile. Zimebaki siku nane, majukwaa sita, na betri nzuri zinazojaa moja kwa siku. Mzee akafungua begi la turubai, akatoa misumeno, mmoja akampa kijana.

Na hapo aibu ikamkuta. Kijana hakuwa ameshika msumeno wa mkono kwa muda mrefu. Ubao wa kwanza ukaenda upande. Wa pili ukaenda upande mwingine. Msaidizi akageuka asionekane anacheka. Mzee hakucheka. Akamwambia, "Mashine haina jicho, mwanangu. Jicho ulikuwa nalo, umelipeleka wapi?" Kufika mchana lilikuwa limeanza kurudi. Wakagawana kazi: kukata kwa mkono, kutoboa kwa mashine, maana matundu ndo yanakula muda. Ile betri moja iliyojaa kwa siku haikugusa msumeno wala redio. Drili tu. Siku ya nane jua likatoka, lakini mzee hakurudisha misumeno kwenye begi. Wakamaliza siku ya kumi na mbili jioni.

Kurudi, dereva aliwapitisha makumbusho ya Olduvai, wakati yeye ana shughuli zake na watu wa pale. Kila Mtanzania amesoma habari za Olduvai shuleni: Zinjanthropus, fuvu aliloliona Mary Leakey mwaka 1959, na yule mwingine aliyepewa jina mwaka 1964, Homo habilis, kwa maana ya mtu hodari wa mikono. Lakini mzee hakushughulika na mafuvu. Alisimama kwenye mawe. Yale ya zamani zaidi yana kama miaka milioni 2, mawe yamegongwa upande mmoja yakatoa makali. Ya baadaye ni mashoka ya mkono, yamechongwa pande zote mbili, yana umbo la tone, na umbo hilohilo lilirudiwa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Na hawakuokota jiwe lolote lililo karibu. Mengine ni jiwe gumu jeupe kutoka kilima cha Naibor Soit, mengine yalibebwa kilomita kadhaa.

Mzee akaangalia mashoka yaliyofanana, akamgeukia kijana. "Kumbe na hawa walikuwa na seti." Kisha akainama karibu na kioo. "Ila angalia, kila moja limelika makali."

Hakuna picha iliyokwenda stetasi siku ile.

Malipo yalipoingia kijana aliyapeleka yote kwa binti kabla hajanunua hata soda. Binti akatoa daftari, aina ileile anayotumia kwenye kikoba. Kila mashine ukurasa wake. Kushoto ilinunuliwa bei gani, kulia imeingiza kiasi gani, na hiyo kazi ya Ndutu ikagawanywa kwa haki kwa kila mashine iliyofanya kazi. Drili na mashine ya skrubu zilikuwa zimeshajilipa na kuzidi. Msumeno wa duara ulikuwa umefika zaidi ya nusu. Grenda ilikuwa inajikongoja. Kipuliza vumbi, ambacho kijana alikuwa anakionea aibu, kilitetewa na mzee mwenyewe: lile vumbi jekundu la Karatu likiingia kwenye mota halina huruma, na mashine inayopulizwa kila jioni inaishi. Jigso, redio, koti na mashine ya kahawa, sifuri. Sheria ikawekwa: mashine isiyoingiza kitu miezi mitatu inauzwa.

Mashine ya kahawa ilinunuliwa na dereva mmoja wa utalii anayelala porini mara kwa mara, na kwake inafanya kazi kweli. Jigso ilipata kazi ya kukata mapambo ya baa mpya ikaponea chupuchupu. Koti mzee hakulirudisha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Yeye naye siku ya kuagana alimpa kijana ile keekee, kwa hiyo kwenye rafu ya bluu sasa kuna kitu kimoja cha chuma kilichochakaa.

Ukurasa wa mwisho wa daftari binti aliandika: "Kitanda." Safu ya malipo akaiacha tupu. Kijana alikitengeneza kwa mbao za grivelea ndani ya wiki mbili, usiku usiku, baada ya kazi za wateja.

Mahari ilikwenda Pasaka ya 2024. Wazee walipokaa na kuhesabu kila kitu kikawa sawa. Baba mkwe akasema ana ombi moja dogo, halimo kwenye orodha. Alikuwa ameona redio fulani kwenye simu ya dada yake. Je, hiyo bado ipo? Ilikuwepo. Ikatolewa na betri moja na chaja, na hiyo ndo mashine pekee iliyotoka kwenye daftari bila kuuzwa.

Mwaka huohuo kijana alipita Arusha kwenye duka lile la kwanza. Muuzaji akamwonyesha mzigo mpya, ile familia nyingine ya Makita ya volti 40 waliyoianzisha 2019. Nzito, nzuri, nguvu ya kutosha. Akaishika, akaigeuza, akaangalia mdomo wa betri.

"Betri zangu za 18 zinaingia?"

"Haziingii. Hii mpaka uanze upya."

Akairudisha kwenye kaunta taratibu, akanunua msasa na kilo mbili za misumari, akadai risiti, maana kuna mtu nyumbani angeiulizia.